Hodi ya Kisogoni

Machi, zabibu zimekwisha kulishinda jua,
na pale Hombolo tangi la saruji linachemka bila moto.
Weka sikio ukutani: utadhani mtu anakaanga mvua.
Povu jekundu lapanda, lashuka,
na juu ya povu, haina rangi,
imelala hewa ukaa,
nzito, maji ambayo jicho limekataa kuyaona.

Nilishuka na koleo kutoa makapi.
Sheria ya Chilongani ni moja: mshumaa utangulie.
Siku ile lori lilikuwa linapiga honi,
nikamwambia mishumaa ni ya kanisani.
Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Hewa ikanifika magotini, hakuna neno.
Ikanifika kiunoni, hakuna neno.
Nikainama.

Kifua kikaanza kazi bila kuniuliza.
Kikahema, kikahema tena,
kama mbwa wa Bahi mchana wa Oktoba.
Sikuwa nimekimbia. Wala sikuwa nimeogopa;
hofu ilifika baadaye, ikakuta pumzi zimeshatangulia.
Chilongani alininyofoa kwa mkanda wa suruali.
Bizimu ilikatika. Mpaka leo ananicheka.

Nyemo, kitinda mimba wangu, yuko chuo kule mlimani.
Alipokuja likizo nikamsimulia.
Hakunipa pole. Aliokota kipande cha mkaa
akachora duara sita juu ya chokaa ya tangi,
duara sita zimekumbatia tundu.

"Baba, chini ya kisogo chako kuna seli.
Seli ina utando, utando una vilango,
na kila kilango ni protini sita
zimesimama bega kwa bega, zimefumba.
Kila moja imenyoosha mkono kwa jirani yake
ila haimfikii."

"Haimfikii kwa kiasi gani?"

"Kwa upana wa hewa ukaa."

Nikanyamaza. Mbuzi wa jirani akapita kati yetu.

"Ikija, hukaa pale penye pengo.
Huyu anaishika, nayo inamshika yule.
Majirani wakishikana, duara lote linajipinda,
kilango kinafunguka,
na seli inamwaga nje chenji yake ya nguvu,
iende ikawaamshe wengine: mwambieni apumue!"

Miaka hamsini na mitatu nimebeba milango hii
na sijawahi kusikia komeo.
Nilidhani mwili hulilia kilichopungua.
Kumbe hukesha ukihesabu kilichozidi,
kama mama asiyeuliza unga umebaki kiasi gani
ila moshi umeanza kutoka wapi.
Na lau tangi lingejaa hewa nyingine,
hewa ambayo haishikiki na mkono wowote wa mle ndani,
ningelala kama mtoto aliyeshiba.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi hao mabawabu.
Masima alishuka tangi la pili, msimu wa nyuma yake.
Vilango vyake navyo vilifunguka, sina shaka,
vyote, na vilipiga hodi mpaka mwisho.
Juu ya ngazi hapakuwa na mtu.

Usiku mwingine nalala chali, mke wangu pembeni,
nazuia pumzi kwa makusudi, nahesabu.
Ishirini. Thelathini. Arobaini na...
Hapo wananijia, wale sita wasio na uso,
wananishika mbavu kutoka ndani.
"Una nini wewe?" anauliza mke wangu.
Nasema, nilikuwa nasalimiana na watu.

Msimamizi alitaka kupiga chokaa upya.
Nikamwambia, ukuta wote ni wako,
hapo penye mkaa paache.
Chini ya zile duara nimepigilia msumari.
Ndipo mshumaa unapokaa.